Nimeitwa kusomea uhandisi Mombasa: je, mwanafunzi anaweza kupanga Mji wa Kale na bado akasoma vizuri?

Mgeni wa Septemba

Hamjambo nyote. Mimi ni msichana kutoka Bungoma, na nimepata nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile kilichoko Tudor. Masomo yanaanza Septemba. Pwani nimefika katika safari ya shule tu, tukaonyeshwa Ngome ya Yesu, tukapitishwa mbiombio katika vichochoro vya Mji wa Kale, kisha tukapelekwa ufuoni. Wenzangu walifurahia bahari. Mimi kilichonikaa akilini ni zile nyumba, kuta zake nene, milango yake ya kuchongwa na roshani za mbao zilizokaribiana juu ya njia hata jua halipati pa kupenya.

Nimepewa mashauri mawili kuhusu makazi. La kwanza ni kushirikiana chumba na wasichana wawili tutakaosoma nao, karibu kabisa na chuo. La pili ni chumba cha ghorofani katika nyumba ya zamani mtaa wa Kibokoni, kwa familia inayofahamiana na shangazi yangu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi na wajukuu wake, na kodi anayoitaka ni nafuu kidogo. Moyo wangu uko Kibokoni. Baba anasema moyo haufanyi mtihani, na kwamba mwanafunzi wa uhandisi anayelala mbali na chuo atachoka kabla muhula haujafika katikati.

Naomba mnieleze yale ambayo siwezi kuyaona nikiwa huku. Umbali ni jambo zito kama baba anavyodhani? Maji, umeme na usalama wa usiku hali yake ikoje? Tena mimi ni Mkristo, nimelelewa katika nyumba ya kanisa, na sitaki kuwa kero kwa watu watakaonikaribisha. Ningependa kujua mgeni anatarajiwa aishi vipi katika mtaa ambao Waislamu wameishi kwa vizazi vingi. Na hili la mwisho ndilo linalonigusa kuliko yote. Mji huu una karne nyingi, ulikuwa makao makuu ya utawala kabla Nairobi haijawa mji wa maana, na tangu shule ya msingi tunaambiwa kwamba ni nyumbani kwa ushairi na elimu. Mwanafunzi wa kawaida, asiye na pesa za kuchezea, anafaidika vipi na hayo yote? Au historia ni ya watalii, na mwanafunzi hujua njia ya kwenda darasani na kurudi tu?

Mhitimu wa Tudor

Karibu Mombasa, dada. Nimesoma chuo hicho hicho unachokwenda, katika idara nyingine, na nimeishi Tudor na baadaye Mji wa Kale, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Umbali wenyewe usimtishe mzee. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, na mtu mwenye afya hutembea kutoka Kibokoni hadi Tudor kwa muda usiofika saa moja. Matatu zinapatikana kutwa nzima, na tuktuk zipo kwa siku ya mvua au siku ambayo umebeba michoro usiyotaka ikunjike. Kinachomchosha mwanafunzi wa uhandisi si njia bali saa za kazi. Mazoezi ya maabara huendelea hadi jioni, na kazi za makundi, ambazo katika fani yenu ni nyingi, hufanyika usiku katika vyumba vya wale wanaoishi karibu. Anayekaa mbali huondoka mapema na hukosa nusu ya maelezo. Hapo ndipo baba yako ana hoja.

Kuhusu joto, mambo yanageuka. Utafika Septemba pepo za kusi zikiwa bado zinavuma, uone kwamba Pwani ni pazuri na watu wametia chumvi. Subiri Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi vya kutosha. Vyumba vingi vinavyopangishwa wanafunzi ni vya matofali membamba na mabati au zege juu yake, na ukirudi saa kumi jioni unakuta chumba kimeshika moto wa siku nzima. Nyumba ya mawe yenye kuta nene huchelewa kupata joto, na hewa hupita ndani kwa sababu waliojenga walikusudia ipite. Nikiwa Mji wa Kale nilisoma mchana wa Februari bila feni, jambo ambalo nilikokaa kwanza lisingewezekana.

Maji ndiyo mtihani wa kweli wa mji huu. Mombasa haina mto wake, na maji ya bomba husafiri kutoka mbali, yakiwamo ya chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo Magharibi na ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Kwa hiyo maji huja kwa zamu, na mitaa mingine husahau sauti ya bomba. Wauzaji wa mikokoteni huleta mitungi ya lita 20 hadi mlangoni, lakini bei yao hupanda siku ambazo kila mtu anawahitaji. Visima vya kisiwani vipo vingi, maji yake yana chumvi, yanafaa kufulia na kuoshea, si kupikia chai. Kabla hujatoa shilingi moja ya kodi, Tudor au Kibokoni, uliza kama nyumba ina tangi, kama ina kisima, na maji ya kununua yanalipwa na nani. Kwa umeme, hakikisha unajua kama una mita yako ya tokeni au mnachangia mita moja na wengine, maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo.

Mkopo wa elimu huingia kwa muhula ilhali kodi huja kila mwezi, basi mwenye nyumba akikubali, lipa miezi yote ya muhula siku pesa zinapoingia. Chakula si tatizo katika mji huu. Mahamri na mbaazi asubuhi humfikisha mtu hadi mchana, na kwa mboga na matunda, mkichanga watatu mkanunua soko la Kongowea kwa pamoja, mtakula vizuri kuliko anayenunua vibandani kila siku.

Nikija kwenye swali lako la mwisho, historia unayoitafuta Kibokoni utaikuta hata chuoni. Mahali unapokwenda kusoma palianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee bado wanaiita MIOME, kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, na mwaka 1951 ikapokea wanafunzi wake wa kwanza, vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki waliokuja kufundishwa ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya kiufundi iliyo wazi kwa watu wa dini zote, baadaye politekniki, na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu wa mwaka 1933, alifanya kazi ya ukarani hapo akiwa kijana, kabla hajaenda Uingereza kusoma na hatimaye kuwa mmoja wa wanazuoni wa Afrika waliosikika zaidi duniani. Alipofariki mwaka 2014 alirejeshwa nyumbani akazikwa katika makaburi ya Wamazrui, ukoo wake, kando ya Ngome ya Yesu. Mimi nilisoma miaka yote pale nikalijua hilo karibu na kumaliza, na nasikitika kwamba wanafunzi wapya hawaelezwi siku ya kwanza.

Shauri langu ni ukae karibu na chuo mwaka wa kwanza, uzoee masomo na wenzako, kisha mwaka wa pili uhamie Kibokoni ukiwa unajua unachokifuata.

Mama wa Kibokoni

Mwanangu, karibu sana. Nimesoma swali lako na jibu la huyo kijana, naye amesema vyema, ila kwa shauri lake la mwisho nina neno.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, na nyumbani kwetu tumepokea wanafunzi, wa dini yetu na wasio wa dini yetu. Anayepanga chumba katika nyumba ya familia hapangi chumba peke yake. Ukichelewa utapigiwa simu. Ukiumwa utaletewa uji. Ukipata mgeni ataulizwa ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Kuna wasichana waliokuja kutoka bara wakaliona jambo hilo kuwa ni kuchunguzwa, wakahama baada ya muda mfupi, na sikuwalaumu, kwa sababu kila mtu na malezi yake. Lakini msichana wa mwaka wa kwanza, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kulala mbali na mama yake, ndiye hasa anayehitaji nyumba yenye mtu mzima. Mwaka wa pili atakuwa amekwishazoea kujiongoza, kwa uzuri au kwa ubaya. Ndiyo maana sikubaliani kwamba uanze na chumba cha wasichana watatu wasio na mkubwa wao.

Adabu za mtaa si ngumu. Hupiti barazani walipokaa wazee bila kuwasalimu, hata kama una haraka ya mtihani. Viatu huvuliwa mlangoni. Hakuna atakayekutaka uvae buibui, lakini gauni refu litakupitisha kila mahali kwa heshima, na leso ya kujitanda iwe karibu nawe. Pombe na nguruwe haviingii nyumbani, na wanafunzi wa kiume hawapandi ghorofani. Kazi zenu za makundi mtazifanya ukumbini, na mama mwenye nyumba akiwapenda atawakaangia viazi vya karai. Kwenda kanisani hakuna atakayekuzuia. Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu na lile kanisa kuu la Kianglikana yote yako Barabara ya Nkrumah, kwa miguu si mbali, na majirani zako watakuona ukitoka Jumapili asubuhi na watakusalimu kama kawaida.

Misikiti ni mingi na imekaribiana, kwa hiyo siku za mwanzo adhana ya alfajiri itakuamsha. Waliokaa kwetu wote waliishia kuitumia saa hiyo kusomea, kwa kuwa mji umetulia, hewa ni baridi na hakuna simu inayolia. Mwezi wa Ramadhani mtaa hubadilika kabisa. Mchana hoteli za huku hufungwa, na si vizuri kula njiani mbele ya waliofunga, ingawa chumbani kwako hakuna anayekuuliza. Ikifika alasiri wanawake hutoa meza nje, sambusa, kaimati, mikate ya sinia, maji ya ukwaju, na vichochoro vyote hunukia. Sahani hutembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na moja itafika kwako. Usiirudishe tupu. Tia chochote ulicho nacho, hata kama ni ndizi mbivu tatu. Mwezi huo hutangulia takriban siku 11 kila mwaka, basi uangalie kalenda ya mitihani mapema, kwa sababu taraweh, yaani sala za usiku za mwezi huo, na watoto wanaocheza nje hadi usiku vinaweza kukukosesha utulivu wa kusoma. Harusi nazo zina ngoma zake, na hizo hazina ratiba.

Sasa kuhusu usalama, sitakuficha kitu kwa kuwa nazungumza na mtoto wa mwenzangu. Wapo vijana wetu walioharibiwa na dawa za kulevya, na ni huzuni kubwa ya mtaa huu, kwa sababu tumewalea sisi wenyewe na mama zao ni majirani zetu. Simu hunyang'anywa vichochoroni usiku. Ukitoka chuoni giza limeingia, chukua tuktuk ikufikishe mlangoni na umwambie dereva apite barabara ya Ndia Kuu, asikate njia za ndani. Baada ya muda utakuwa umejulikana wewe ni mgeni wa nyumba gani, na huo ulinzi hauna mfano, maana baraza zote zitakuwa na macho juu yako.

Umeuliza mwanafunzi anafaidika nini na mji. Kaa na wazee usikilize. Muyaka bin Haji, aliyeishi humu mwanzoni mwa karne ya 19, alitumia ushairi kuusemea mji enzi za utawala wa Wamazrui, kuanzia mambo ya vita hadi bei ya chakula na mapenzi ya watu wa mtaani, na wapo wazee ambao bado wana beti zake vichwani mwao. Hawatakutoza kitu. Watakachotaka ni kijana mwenye subira ya kumaliza kikombe cha kahawa.

Kitu kimoja ambacho huyo kijana hakukigusa ni ngazi. Nyumba zetu za ghorofa zina ngazi za mwinuko mkali, na maji yakikatika ndoo utaipandisha mwenyewe.

Mkaazi wa Ng'ambo

Naongeza kidogo tu kwa ajili ya bajeti. Ikiwa vyumba vyote viwili vitakushinda kodi, usikate tamaa na usikope kwa ajili ya kukaa kisiwani. Wanafunzi wengi tunaishi Kisauni, Mishomoroni na Likoni, ambako pesa ile ile hupata chumba kikubwa zaidi. Upande wa Kisauni kuna Daraja la Nyali na foleni zake. Upande wa Likoni kuna feri, ambayo haimtozi nauli anayevuka kwa miguu, lakini asubuhi umati ni mkubwa na feri moja ikiharibika ratiba yako yote imevurugika. Mwenye somo la saa mbili asubuhi anayekaa Likoni aondoke nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, asitegemee bahati.

Fundi wa Mawe

Binti, nimefurahi mno kusoma kwamba mtu anayekwenda kusomea uhandisi wa ujenzi alipita Mji wa Kale akaziangalia kuta. Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba za zamani, na kila mwaka tunawatafuta vijana wa fani yako tunawakosa, kwa sababu wanafundishwa zege na nondo na wanaamini kwamba kabla ya hapo hapakuwa na uhandisi. Ruhusu nikueleze kidogo, kwani swali lako la mwisho ndilo linalonihusu.

Nyumba utakayolala Kibokoni, kama ni ya kale kweli, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu ilainike kabla ya kutumika. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Ukipima upana wa vyumba utagundua kwamba nyingi haziendi mbali na mita 2.5 hadi 3, hata katika nyumba ya tajiri, na sababu ni kwamba boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana zaidi ya huo. Chumba kinaweza kuwa kirefu kadiri mtu apendavyo, lakini upana wake uliamuliwa na mti. Utakapofundishwa darasani juu ya mhimili na mzigo wake, tazama juu ya kitanda chako, mfano umekwishafika.

Jambo la pili, ambalo ninalilia kila siku, ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka hewani, na lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Mwenye nyumba akiona lipu imebanduka, fundi wa haraka humpigia lipu ya saruji, na kwa mwaka mmoja au miwili ukuta hupendeza. Kumbe unyevu umefungiwa ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, inaganda, inasukuma, na siku lipu ile inapoanguka huanguka na uso wa jiwe lenyewe. Vivyo hivyo kwa wale wanaotoa boriti wakaweka zege lenye nondo: hewa ya bahari huingiza chumvi hadi kwenye chuma, chuma hupata kutu na kuvimba, na zege hupasuka. Nimeona dari za boriti zilizodumu maisha ya watu watatu zikiondolewa, na zege lililowekwa mahali pake likapasuka mwenye nyumba akiwa bado analipa deni. Mhandisi anayelielewa jambo hili na anayeweza kulieleza kwa hesabu, si kwa kumbukumbu za mafundi tu, anahitajika sana hapa.

Kwa hiyo historia ya mji huu kwako wewe ni maabara. Anza na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Usiitazame kama mgeni anayepiga picha. Iangalie ilivyokalishwa juu ya mwamba wa matumbawe, kiasi kwamba sehemu za chini za kuta ni mwamba wenyewe uliochongwa. Tazama jinsi kingo zake zinavyotokeza ili kila upande wa ukuta uweze kulindwa kutoka upande mwingine. Kisha teremka upande wa bahari uone ukuta uliojengwa juzijuzi kuzuia mawimbi yaliyokuwa yanaula msingi. Ngome hiyo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na mwanafunzi asione haya kuonyesha kitambulisho chake. Ukishakuwa ndani tenga nafasi ya vitu vilivyotolewa katika meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa.

Kutoka hapo nenda kwa miguu. Jengo la mahakama ya zamani, la mwaka 1902, liko karibu na ngome, na ndani yake utaona namna Waingereza walivyojaribu kujenga kwa ajili ya joto wasilolizoea. Msikiti wa Mandhry, ambao mapokeo yanauweka mwaka 1570, una mnara mnene usiofanana na minara ya siku hizi, na hapo simama nje kwa heshima uulize kabla ya kupiga picha. Malizia kwenye Bandari ya Kale, ambako majahazi yalifunga kwa karne nyingi kabla ya bandari ya Kilindini kuchukua meli kubwa.

Kuhusu Tudor au Kibokoni, mimi ningekaa Kibokoni. Najua kazi za makundi ni muhimu, ila makundi hayo yanaweza kukutana mchana maktabani, wakati ukuta wa nyumba ya kale unaufahamu tu kwa kukaa nao msimu wa mvua na msimu wa jua.

Mgeni wa Septemba

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimemsomea baba majibu yote, na pale kwa Mama wa Kibokoni aliniomba nirudie. Amekubali Kibokoni kwa muhula wa kwanza, kwa masharti kwamba matokeo yakishuka nihamie Tudor bila kubishana. Nimeona ni haki.

Nina swali moja kwa Fundi wa Mawe. Mradi wa mwisho bado uko mbali, lakini ningependa kuanza mapema kupima nyumba na kuweka kumbukumbu za unyevu wa kuta kwa miezi ya mvua na ya jua. Je, hilo linahitaji ruhusa, au inatosha mwenye nyumba akikubali?

Fundi wa Mawe

Kwa nyumba unayolala, na kwa kupima tu bila kutoboa wala kubandua kitu, ridhaa ya mwenye nyumba inatosha, na umuonyeshe kila unachoandika, kwa kuwa ni habari za nyumba yake. Ukitaka kuingia nyumba nyingine au kuchukua sampuli ya jiwe na chokaa, mambo ni tofauti. Majengo ya kihistoria yanalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, kwa hiyo pata barua kutoka idarani kwako, uipeleke kwa watu wa Makumbusho ya Taifa walioko hapa ngomeni, na kwa utafiti rasmi utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Barua ya idara ndiyo huchelewa, basi iombe mapema katika muhula. Anza na ukuta mmoja unaoelekea baharini na mmoja unaoelekea uani, uupime kila wiki saa ile ile, na uandike siku ambazo mvua ilinyesha. Rekodi ya namna hiyo ya miaka minne mfululizo ningeitumia mimi mwenyewe kazini.

Mama wa Kibokoni

Mwambie shangazi yako ampigie mama mwenye nyumba wiki hii, asingoje Agosti, kwa sababu chumba cha ghorofani chenye dirisha la upande wa upepo hakikai wazi. Amuulize kuhusu tangi, kisima na mita ya umeme kama ulivyoshauriwa. Nawe uje na ndoo mbili zenye vifuniko, neti ya mbu na leso mbili. Vilivyobaki vyote utavipata soko la Marikiti kwa bei ya kuzungumza, na siku utakayokwenda niambie hapa, nitamtuma binti yangu afuatane nawe usiuziwe bei ya mgeni.